Nauli ya Kurudisha

Mwalimu Mkuu hakuwahi kuondoka kwenye kaunta yangu na mzigo uliofungwa. Alikuwa na wembe aliouviringisha kwa karatasi ya daftari na kuuweka kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wake. Nilipomsukumia boksi na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi, aliutoa wembe kwanza. Alikata gundi, akafungua, akatoa kitu, akakigeuza, akakinusa hata kama ni sufuria, kisha akaniangalia juu ya miwani. Foleni nyuma yake ingeweza kufika barabarani, na yeye hakugeuka.

"Mzigo usiofunguliwa ni uvumi," alisema. "Na mimi sitii sahihi kwenye uvumi."

Nilimhudumia karibu miaka saba katika ofisi ya mizigo ya kampuni moja ya magari, mjini Bungoma. Alikuwa amestaafu kabla sijaajiriwa. Shule yake ilikuwa imepata mkuu mwingine, na baada ya huyo mwingine tena, lakini mjini cheo hakikumtoka. Wauza mboga, mapadri, polisi, wote walimwita Mwalimu Mkuu. Mimi aliniita Karani. Risiti zangu alizisoma kama insha, na akikuta kosa alilizungushia duara kwa kalamu nyekundu na kunirudishia karatasi niiandike upya, mbele ya watu.

Wengi walishangaa kwamba mama wa umri wake ananunua vitu kwa simu kuliko vijana. Siku moja nilimuuliza.

"Maduka ya hapa mjini yana nani ndani?" alisema. "Niliowafundisha. Nikimwambia mtu sufuria yake imetoboka, ananiamkia upya. Ananitafutia kiti. Ananiletea soda. Sasa nitagombana aje na mtu ameniletea soda? Huyu wa simu hanijui. Tukikosana, tunakosana vizuri."

Na walikosana. Katika miaka hiyo nilimwona akirudisha pasi isiyopata moto, blanketi lililokuwa fupi kuliko picha yake, na saa ya ukuta iliyokimbia hadi akasema inataka kufika mbinguni kabla yake. Kurudisha kitu hakukuwa shida. Wauzaji wengi walikubali kubadilisha. Vita vilikuwa vya nauli ya kurudisha, ile hela ya kukipeleka kitu kibovu kilikotoka. Wauzaji walidhani mnunuzi ataimeza. Wanunuzi wengi huimeza, mimi nikiwa shahidi: wanalipa, wanalaumu kidogo, wanakwenda zao. Yeye alipiga simu pale pale kaunta, sauti ikiwa wazi kila mtu asikie, na hakukata mpaka hela imeingia kwenye simu yake. Mara nyingine ilikuwa hela ya kununulia mkate mmoja.

"Mwenye kosa ndiye mwenye safari," alikuwa akisema.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua mzigo wake aliniambia msemo huo ulikotoka, au angalau alikousikia yeye. Alisoma katika shule ile. Muhula mmoja karani wa fedha alimrudisha nyumbani kwa deni la karo ambalo baba yake alikuwa ameshalilipa, na nyumbani kwao ni Lwakhakha, kule mpakani. Mwalimu Mkuu alipogundua, hakutuma barua wala ujumbe. Alimwambia karani wa fedha avae koti, aende Lwakhakha mwenyewe, kwa nauli yake mwenyewe, akamlete mtoto. Na karani alipofika langoni na yule msichana, Mwalimu Mkuu alimwambia ambebee sanduku hadi bwenini. "Alilibeba kichwani," mama yule alisema, "na wenzangu wamejaa madirishani wakituangalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilimhurumia, kweli ya Mungu."

Lakini nilisikia mengine pia. Mzee mmoja aliyesikia tukimsifu alisubiri Mwalimu Mkuu atoke ndipo akasema, "Huyo? Muulize habari ya sweta." Mwalimu Mkuu alipokuja tena nikamuuliza, nikidhani ni jambo la kuchekesha. Kumbe kulikuwa na mwaka shule iliuzia wazazi sweta ambazo zilitoa rangi zilipofuliwa mara ya kwanza, watoto wakawa na shingo za kijani. Wazazi walitaka kuzirudisha. Yeye aliwatangazia mkutanoni kwamba wazioshe kwa maji ya chumvi, na habari ikaishia hapo.

Nilipomaliza kuuliza, alifunga mkoba wake polepole. "Chumvi ilisaidia kidogo," alisema. Hakuja kaunta kwa wiki tatu.

Alikuwa mgumu hivyo, na wakati mwingine alinichanganya. Angeweza kubishana nami dakika kumi kwa sababu nimemtoza gundi ya kufungia boksi. Mchana huo huo angelipia dawa za mama asiyemjua zilizokuwa zimekwama kwangu kwa kukosa nauli, kisha akanitazama kwa ukali ili nisimtaje. Nilimheshimu, na nilimwogopa. Ile hofu ndiyo iliyoniponza.

Kikundi cha akina mama wa kanisa lake, pale Kanduyi, kilichanga pesa kununua mashine ya kuangulia mayai. Walikuwa kumi na wawili, na yeye alikuwa mwenyekiti. Mashine ilipatikana kwa simu, kwa mwenye duka moja la vifaa vya umeme kule Kitale. Ilipofika aliikata gundi kama kawaida, akaomba soketi, akaichomeka kwenye kaunta yangu. Taa ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikaonyesha joto linalotakiwa. Akatia sahihi. Wenyewe waliniambia baadaye walivyojaza: kila mama alileta mayai ya kuku wake wa kienyeji, na kila yai aliliandika jina lake kwa penseli ili vifaranga wasigombaniwe.

Siku ya ishirini na mbili Mwalimu Mkuu aliingia ofisini akiwa amebeba mashine, na nyuma yake akina mama wawili.

"Karani," alisema, "wametoka wawili. Na hao wawili hawasimami."

Akapiga simu. Sauti ilikuwa wazi, na foleni ikasogea kusikiliza.

"Madam, kurudisha ni siku saba," alisema mwenye duka. "Imeandikwa kwa ukurasa wetu. Wewe umepita."

"Kuku analalia mayai siku ngapi?"

"Sasa, madam, hiyo ni kitu ingine..."

"Nimekuuliza swali. Kuku analalia siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Basi hizo siku saba zako ni za kuku gani?"

Watu walicheka. Mwenye duka hakucheka. "Haya, mathe, lete nitaangalia. Lakini kutuma ni juu yako. Nikipata ni makosa yetu, tutaongea."

"Tutaongea si nauli," alisema, akakata.

Kisha akageuka kwangu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunibana. Kampuni yetu ilikuwa na njia ya kutuma mzigo bila mtumaji kulipa: mpokeaji analipa akiuchukua. Njia hiyo ilikuwa ya wateja wakubwa wenye mkataba. Kwa mtu mwingine yeyote, karani aliyeandika ndiye aliyesimama dhamana. Mzigo ukikaa siku saba bila kuchukuliwa, nauli na ada ya stoo vilikatwa kwenye mshahara wake, na aliandikiwa barua ya onyo. Mimi tayari nilikuwa na barua moja. Ya pili ingenitoa kaunta.

Nilijua hayo yote. Yeye hakuyajua. Aliweka kidole kwenye fomu.

"Andika hapo. Atalipa aliyekosa."

Ningemwambia, angeelewa. Nimefikiria hivyo mara nyingi tangu siku ile. Lakini alikuwa amenitazama juu ya miwani, akina mama wawili wamesimama nyuma yake, na mimi nilijiona mtoto wa darasa la sita. Nikaandika.

Mwenye duka hakuja kuchukua boksi. Ofisi yetu ya Kitale ilimpigia siku ya kwanza, akasema atapita. Siku ya pili akasema nauli si yake. Siku ya tatu hakushika simu. Kila asubuhi Mwalimu Mkuu alipita kaunta.

"Amechukua?"

"Bado, Mwalimu."

"Atachukua. Mtu hawezi kulala akijua kosa lake limekaa mahali linamngoja."

Yeye alilala vizuri, naamini. Mimi sikulala. Siku ya tano meneja wangu alisimama nyuma ya kiti changu na kusema, kwa upole ulioniogofya, "Karani, unajua lile boksi la Kitale sasa ni lako?"

Siku hiyo hiyo mama mmoja wa kikundi, mkubwa wao kwa umri, alimfuata Mwalimu Mkuu mpaka pale ofisini. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa na kukishika mkononi.

"Mwarimu, sisi tumeongea. Turipe tu hiyo nauri mashine irudi. Kuku hawangoji kesi."

"Mayi," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "nani amewaambia mtalipa?"

"Hakuna. Rakini..."

"Niliwaambia nini siku ya kuchanga? Hakuna mtu atatoa shilingi nyingine. Mkilipa leo, kesho mtalipa tena, na mtazoea."

Yule mama aliniangalia mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. Nilijifanya natafuta stempu.

Siku ya saba ikaisha. Siku ya nane meneja alinituma Kitale niirudishe mashine Bungoma au nirudi na nauli, kimoja kati ya viwili. Nilipomwambia Mwalimu Mkuu naenda, alisema atakuja pia. Siku ya tisa asubuhi alinikuta mlangoni mwa ofisi ya Kitale amevaa viatu vyake vya mikutano, na mkononi ana kikapu kilichofunikwa kwa taulo.

Niliitoa mashine stoo kwa sahihi yangu, kwa sababu bila nauli kulipwa haikuwa na ruhusa ya kutoka, nikaibeba begani hadi dukani. Lilikuwa duka dogo lenye kaunta ya kioo, simu na spika zimepangwa chini ya kioo. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mnene, mwenye sura nzuri na macho yaliyochoka. Alipoona boksi alijua.

"Mathe, umekuja mpaka hapa? Bana, si ungepiga tu simu?"

"Simu hushiki," alisema. Akaweka kikapu juu ya kioo na kutoa taulo.

Mayai. Alikuwa ameyaweka, yote yasiyoanguliwa, majina ya penseli bado yanasomeka. Alitoa moja, akalilaza taratibu juu ya kioo, akasoma jina la mama wa kwanza. Akatoa la pili, akasoma. La tatu. Mayai yaliyokaa kwenye joto wiki tatu na kufa ndani, mtu aliyefuga kuku anajua ni kitu gani. Yakipasuka, duka hufungwa. Mwenye duka alikuwa mtu wa kwao kwenye kuku, maana alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa rafu.

"Madam. Madam, hizo vitu, tafadhali."

"Hili ni la mjane," alisema bila kuinua macho, akalaza la nne. Lilibingirika kidogo kuelekea ukingoni. Sote watatu tuliliangalia. Lilisimama.

"Unataka nini?"

"Chomeka mashine."

Aliichomeka. Mwalimu Mkuu akatoa mkobani kipimajoto cha kioo, kile cha maabara ya shule, akakiweka ndani katikati na kufunga mfuniko. Kisha akaomba kiti, akaketi. Tulingoja nusu saa nzima. Mteja mmoja aliingia kutafuta chaja, akaona mayai, akaona sura zetu, akatoka. Mimi nilihesabu dakika kwa sababu ya meneja wangu, aliyenipigia mara mbili na sikushika. Kama kipimajoto kingekubaliana na kioo cha mashine, ningerudi Bungoma na boksi lile lile, bila nauli, na barua.

Akafungua. Kioo cha mashine kilionyesha thelathini na saba nukta tano. Akainua kipimajoto, akampa mwenye duka akisome mwenyewe.

"Soma kwa sauti."

Aliguna. "Arobaini na moja."

"Umeyapika," Mwalimu Mkuu alisema. "Hukuyaangulia. Mashine yako inadanganya usoni."

Mwenye duka aliangalia kile kipimajoto muda mrefu, kisha akaketi pia. Nilitarajia ubishi. Badala yake alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ameuza nyingine tatu kama hiyo, mbili kule Kachibora. Hakuna aliyerudisha. Alidhani ziko sawa.

"Hawajarudisha kwa sababu ya nauli," alisema Mwalimu Mkuu.

Mwenye duka alimpa mashine mpya. Nauli ya kurudisha alinitumia mimi kwenye simu ya kampuni, pale pale, na Mwalimu Mkuu akasubiri mpaka ujumbe umeingia. Halafu akaenda nyuma ya duka na kipimajoto chake kujaribu ile mpya. Mimi nilibaki na mwenye duka.

"Kuna ada ya stoo," nilimwambia. "Siku mbili zilizozidi."

"Boss, nauli nimetoa. Stoo ni nyinyi mlikaa nayo."

Ningemwita Mwalimu Mkuu. Alikuwa hatua sita tu kutoka nilipo. Lakini nilimsikia kule nyuma akiimba wimbo wa kanisa taratibu, mara ya kwanza kumsikia akiimba, na nikasema moyoni, acha. Nililipa mimi. Barua ya pili niliikuta mezani kesho yake. Mzigo ulikuwa umepita siku saba, na pia nilikuwa nimeutoa stoo kabla haujalipiwa. Wiki iliyofuata nilihamishiwa stoo ya Kitale, kupakia na kupakua magunia ya viazi na mahindi, kwa mshahara uliopungua. Kaunta ya Bungoma ikapata karani mwingine.

Sikumwona kwa zaidi ya mwaka. Nilisikia amehamia Ndalu, kwenye shamba, na akina mama wa kikundi bado wanampelekea mayai kwa zamu. Kisha siku moja ukaja ujumbe kwenye simu yangu, maneno machache, na vituo vyote mahali pake: Njoo Ndalu Jumamosi. Nina swali.

Nilimkuta barazani, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda kwa sababu ya goti. Mashine ilikuwa inavuma ndani. Alikuwa amepungua mwili, lakini miwani ilikuwa ile ile.

"Mulembe, Karani. Keti. Kwa nini hauko kaunta?"

"Walinihamisha tu, Mwalimu."

"Usinidanganye. Nilipeleka mzigo Bungoma mwezi uliopita, nikamuuliza yule mpya. Akanieleza fomu, siku saba, barua. Vyote. Nimeenda kwa meneja wako mara mbili. Nimemwandikia kwamba kosa ni langu. Anasema barua ikishaingia kwenye faili haitoki." Alitua kidogo kupumua. "Hilo limenishinda. Nataka ujue nimejaribu, na limenishinda."

Nikasema si kitu. Akapiga mkono wa kiti kwa kiganja.

"Ni kitu! Nilikaa duka la watu nusu saa na mayai yaliyooza kwa ajili ya nauli ya boksi, na wewe umesimama pembeni yangu unapoteza kazi, umenyamaza. Ungeniambia ningefanya nini, ningekula?"

"Nilikuogopa, Mwalimu."

Kuku mmoja alipita na vifaranga, Mwalimu Mkuu akawaangalia mpaka wakaishia kwenye migomba.

"Wengi waliniogopa," alisema. "Nilidhani ndiyo kazi." Kisha akavuta mkoba wake magotini. "Haya. Nidai."

"Mwalimu, hapana."

"Nidai, Karani. Kwa mdomo wako. Sitakupa kitu ambacho hujadai."

Mtu hadai mwalimu. Kwetu mtu humletea mwalimu kuku, humletea sukari. Hakuna aliyenifundisha maneno ya kumwambia mwalimu kwamba ana deni langu. Alinisubiri bila kunisaidia, kama alivyowasubiri wauzaji.

"Nilikatwa ada ya stoo," nilisema mwishowe. "Siku mbili. Ilikuwa yako, si yangu. Nilipe."

"Ngapi?"

"Mia tatu."

Alizihesabu, akaziweka mkononi mwangu, na sikuzikataa. Niliposimama kuaga alikuwa bado hajafunga mkoba.

"Kutoka Kitale mpaka hapa umelipa ngapi?"

"Mia mbili, Mwalimu. Lakini hiyo nilikuja tu kukuona."

Akaziweka juu ya zile nyingine, kisha akaniangalia juu ya miwani, kidole kikiwa bado ndani ya mkoba.

"Na kurudi?"